Maisha ya Bwana George Cadbury, Mfanya Kakao

Mara nyingi katika sharika zetu twaonya juu ya ulevi, wala hatukosei. Lakini jioni moja baada ya Ibada mzee mmoja wa kanisa alituuliza swali ambalo limetukaa moyoni. Alitaka kujua, mtu akiisha kuiacha pombe, wageni wake awape nini? Chai, alisema, yataka sukari nyingi. Na kahawa, ijapokuwa ndiyo iliyosomesha watoto wake, humnyima usingizi usiku kucha. Tulimjibu kwa habari ya kakao. Ndipo tulipoona kwamba yafaa kuwasimulia ninyi nyote maisha ya mtu mmoja aliyefanya kazi kubwa ili kinywaji hicho kifike safi katika vikombe vya maskini. Tutasimulia mema yake, wala hatutaficha jambo zito lililompata, maana habari za watu wa Mungu zikisimuliwa nusu hazifundishi.

Kwanza tuseme kidogo juu ya mti wenyewe. Asili ya mkakao ni Amerika, na watu wa Meksiko waliinywa kakao zamani sana kabla Wazungu hawajafika kwao. Matunda yake hushika katika shina na katika matawi makubwa, nayo yafanana na maboga madogo marefu. Ndani mna mbegu nyingi zilizofunikwa na ute mweupe mtamu. Mbegu hizo huvundikwa kwa siku kadha, kisha huanikwa juani, hukaangwa, humenywa maganda na kusagwa. Mtaalamu wa mimea wa Sweden, Carl Linnaeus, mwana wa mchungaji wa Kilutheri, aliupa mti huo jina la kitaalamu mwaka 1753, na maana yake ni chakula cha miungu. Sisi twamjua Mungu mmoja tu, lakini jina hilo laonyesha jinsi kinywaji hiki kilivyoheshimiwa. Katika nchi yetu mkakao hustawi hasa huko Kyela, karibu na Ziwa Nyasa.

George Cadbury alizaliwa tarehe 19 Septemba 1839 karibu na mji wa Birmingham katika Uingereza. Wazazi wake, Bwana John na Bibi Candia, walikuwa wa lile kundi la Wakristo waitwao Marafiki, au Quaker, ambao ndugu zao walifika Pemba mwaka 1897 kuwasaidia watu waliotoka utumwani, na wengine kutoka Marekani wakafika Kaimosi katika Kenya mwaka 1902. Katika mafundisho tumetengana nao kwa mambo makubwa, kwa kuwa wao hawabatizi kwa maji, wala hawashiriki Meza ya Bwana kwa mkate na divai. Lakini tusiwanyime haki yao. Walikuwa watu wa neno moja. Waliouza kwao waliuza kwa bei moja kwa tajiri na kwa maskini. Tena walichukia vita, utumwa na ulevi. Zamani zile hawakupewa nafasi katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge kwa sababu ya imani yao, basi wengi wao wakashika biashara.

Baba yake George alifungua duka mjini Birmingham mwaka 1824, akauza chai, kahawa na kakao. Yeye aliona kwa macho yake jinsi pombe ilivyoharibu nyumba za wafanya kazi, mshahara wa juma ukaishia kilabuni siku ya Jumamosi na watoto wakalala njaa. Akatambua kwamba kumwambia mtu aache bila kumpa kitu badala yake ni kazi nusu. Mwaka 1831 akaanza kutengeneza kakao mwenyewe. Kazi ikaendelea vizuri kwa muda. Lakini Bibi Candia alipofariki mwaka 1855, Bwana John akavunjika moyo na afya yake ikapungua, nayo biashara ikadhoofika pamoja naye.

Mwaka 1861 akaiacha mikononi mwa wana wake wawili, Richard aliyekuwa na umri wa miaka 25 na George mwenye miaka 21. Walikuta wafanya kazi wachache na hasara nyingi. Wakatia katika kazi hiyo urithi walioachiwa na mama yao, wakaona fedha ikipungua mwaka baada ya mwaka. George aliamka alfajiri, akafanya kazi hata usiku, akaacha kununua gazeti na kila kitu ambacho mtu aweza kuishi bila hicho. Hao ndugu walipatana kwamba watafunga mlango wakati wangali na fedha ya kutosha kumlipa kila mdai wao mpaka senti ya mwisho. Maana waliona kufilisika na deni la watu ni kama kuiba. George alikuwa amekusudia, wakishindwa, aende kulima chai katika milima ya Himalaya. Hakwenda. Mwaka wa nne wakapata faida kidogo.

Sasa yatupasa kueleza ugonjwa wa kakao ya siku zile. Mbegu ya kakao ina mafuta mengi mno, zaidi ya nusu ya uzito wake, na ukiisaga tu na kuitia katika maji ya moto, mafuta huelea juu. Kwa sababu hiyo watengenezaji walichanganya unga wa viazi au sago ili kuyanywa mafuta, na sukari nyingi ili kuficha ladha ya unga. Hao akina Cadbury nao walifanya hivyo hivyo. Aina yao moja ilitiwa mimea midogo iotayo juu ya mawe katika nchi za baridi. Wauzaji wengine wasiomcha Mungu walikwenda mbali zaidi, wakatia hata udongo mwekundu ili rangi ipendeze. Maskini alinunua kakao, kumbe anakunywa uji wa viazi wenye vumbi.

George hakuridhika. Alisikia kwamba huko Uholanzi jamaa ya van Houten walikuwa na mtambo wa kukamua mafuta, uliobuniwa mwaka 1828. Mafuta yakikamuliwa, hubaki unga mwepesi usiohitaji kuchanganywa na kitu. Basi akasafiri kwenda Uholanzi, naye hakujua Kiholanzi, akanunua mtambo huo kwa ishara na kwa kamusi. Mwaka 1866 yeye na Richard wakaanza kuuza kakao tupu, isiyo na unga wala vumbi. Bei yake ilikuwa juu kuliko ile ya mchanganyiko, na watu walisitasita. Ndugu hao wakaenda kwa waganga mmoja mmoja wakiwapa waionje na kuichunguza, nao waganga wakaisifu katika magazeti yao. Miaka michache baadaye, 1872 na 1875, Bunge la Uingereza likatunga sheria za kuwaadhibu wanaochanganya vyakula kwa hila. Hapo nyumba ya Cadbury ilikuwa imekwisha kutangulia mbele ya sheria. Wakaacha pia kuuza chai na kahawa, wakashika kakao peke yake.

Huenda msomaji akauliza kama kakao yashinda kahawa. Hatusemi hivyo, mkulima wa kahawa asitukasirikie. Kahawa ina nguvu ya kuamsha, nayo yafaa kwa mwenye safari au mwenye kukesha kwa ugonjwa. Kakao nayo ina kitu cha kuamsha kiitwacho theobromini, lakini nguvu zake ni za upole zaidi; kafeini, ambayo ndiyo nguvu ya kahawa, imo kidogo tu. Tena kakao hushibisha kidogo, kwa sababu mafuta yake hayakutoka yote. Ndiyo maana katika miji ya Uingereza, watu wenye kupinga ulevi walipofungua nyumba za kunywea zisizo na pombe, kakao ilikuwa mojawapo ya vinywaji vilivyopendwa. Mtu alitoka kazini katika baridi, akaketi na wenzake, akanywa kitu cha moto, akarudi kwa mkewe akiwa na akili zake.

Lakini George Cadbury alijua kwamba kikombe peke yake hakitoshi. Tangu ujana wake alifundisha katika shule ya watu wazima ya Severn Street, kila Jumapili asubuhi na mapema, na kazi hiyo aliishika kwa muda wa miaka hamsini hivi. Wanafunzi wake walikuwa watu wa mitaa ya maskini, wengine walevi, wengine wametoka gerezani. Aliwafundisha kusoma na kuandika, akawasomea Biblia, akawatembelea nyumbani. Huko ndiko alikoona kwamba mtu akaaye katika chumba kimoja chenye giza na unyevu, hana ua wala mti, ni vigumu kumlaumu akikimbilia kilabu chenye taa.

Mwaka 1879 hao ndugu wakakihamisha kiwanda chao kutoka katika moshi wa mji, wakakijenga mashambani kando ya kijito, mahali walipopaita Bournville. Watu wengi walicheka, wakisema nani ajengaye kiwanda porini? Wakaweka viwanja vya michezo, mahali pa kulia chakula na bustani. Hata katika miaka ya shida walikuwa wamewapa wafanya kazi nusu siku ya mapumziko kila Jumamosi, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Na kila asubuhi walikutana nao kusoma Neno la Mungu. Tangu mwaka 1895 George akajenga nyumba kwa fedha yake, kila moja na bustani yake yenye miti ya matunda. Hakuwajengea wafanya kazi wake peke yao, bali na watu wengine pia. Hakuruhusu kilabu cha pombe humo. Na mwaka 1900 akafanya jambo ambalo matajiri wachache hulifanya: kijiji chote, chenye nyumba 313 na ekari 330, akakitoa mikononi mwa wadhamini, ili kodi yake irudi kujenga nyumba nyingine, asipate faida yeye wala watoto wake.

Nduguye Richard alikuwa amefariki mwaka 1899 huko Yerusalemu alipokuwa akisafiri. Mkewe wa kwanza, Mary, alimwacha mjane mwaka 1887 pamoja na watoto wadogo. Mwaka uliofuata alimwoa Elizabeth Taylor, naye akawa mama kwa wote, wa kwanza na wa pili, jumla watoto kumi na mmoja.

Sasa twafika kwenye lile jambo zito. Kakao haioti Uingereza. Sehemu kubwa ya kakao ya Cadbury ilitoka katika visiwa vya São Tomé na Príncipe, karibu na pwani ya Afrika ya magharibi, vilivyotawaliwa na Wareno. Mwaka 1901 William, mwana wa Richard, alisikia kwamba wafanya kazi wa mashamba yale walikuwa watumwa; hata akaona tangazo la shamba moja lililouzwa, na wafanya kazi wamehesabiwa pamoja na mali nyingine, wametiwa bei. Serikali ya Wareno ilikuwa imekwisha kukomesha utumwa kwa sheria, na kila mtu alikuwa na mkataba wa miaka mitano. Lakini watu hao, waliochukuliwa bara ya Angola na kupelekwa pwani kwa nguvu, hawakujua mkataba ni nini. Na miaka mitano ikiisha, mkataba ulianzishwa tena, wasirudi kwao mpaka kufa.

Waafrika wenzetu walikuwa wakifa, na jasho lao likafika katika vikombe vya watu waliomcha Mungu. Kile kinywaji alichokisafisha George kwa mtambo, kikaondolewa unga na udongo, kilikuwa na uchafu mwingine usioonekana kwa macho ya mganga yeyote.

Wakafanya nini? Wakauliza habari. William akaenda Lisbon mwaka 1903. Wareno wakaahidi kutengeneza mambo. Mwaka 1905 kampuni za Marafiki zikamtuma mtu aitwaye Joseph Burtt, naye akajifunza Kireno kwanza, kisha akakaa miezi mingi visiwani na Angola. Habari alizorudi nazo mwaka 1907 zilithibitisha mabaya yote. Serikali ya Uingereza ikawaomba wasubiri, ili mazungumzo na Wareno yasiharibike. Wakasubiri, na huku wakiendelea kununua. Mwaka 1908 William mwenyewe akaenda kuona visiwani na Angola. Mwezi wa Machi 1909 ndipo Cadbury, pamoja na Fry na Rowntree, walipoacha kabisa kununua kakao ya visiwa vile. Tangu habari ya kwanza miaka minane ilikuwa imepita.

Gazeti moja la London, liitwalo Standard, liliwashutumu mwaka 1908 kwamba ni wanafiki, wawatunzao wafanya kazi weupe huko Bournville na kunufaika na watumwa weusi huko São Tomé. Akina Cadbury walilishitaki gazeti hilo, na kesi ikasikilizwa Birmingham mwezi wa Desemba 1909. Wazee wa baraza wakaamua kwamba gazeti limewakashifu kwa uongo, kwa kuwa hawakuwa wamenyamaza kwa hila. Lakini fidia waliyowapa ilikuwa robo ya peni, pesa iliyo ndogo kuliko zote. Wakashinda, na huku wakaonywa.

Sisi twahukumuje? Wako watetezi wasemao kwamba kama wangaliacha kununua siku ya kwanza, wengine wangalinunua, nao wasingekuwa na sauti tena mbele ya Wareno. Neno hilo lina ukweli. Lakini mtumwa aliyekufa katika mwaka wa tatu wa mazungumzo hakupata faida ya subira yao. George alikuwa mzee mwenye moyo mwema, tena mwaka ule ule wa 1901 alikuwa amenunua gazeti la Daily News ili kupinga vita vya Uingereza na Makaburu, hakukosa ujasiri. Hata hivyo mtu mwema aweza kuchelewa. Akiona mkononi mwake biashara iliyolisha watu maelfu, huona vigumu kuikata kwa siku moja, akasema tungoje barua moja zaidi. Twafikiri kila mmoja wetu ameijua barua hiyo.

Badala ya visiwa vile wakageukia Gold Coast, nchi iitwayo Ghana leo. Nasi Walutheri tuna sababu ya kufurahi kwa habari hiyo. Fundi mmoja Mwafrika, Tetteh Quarshie, aliyejifunza uhunzi katika karakana ya Misioni ya Basel, alirudi mwaka 1876 kutoka kisiwa cha Fernando Po akiwa na mbegu za kakao, akazipanda huko Mampong. Ni Misioni ile ile iliyowafundisha Krapf na Rebmann kabla hawajatumwa kwetu Afrika ya mashariki. Wakulima Waafrika wakachukua mbegu, kila mtu katika shamba lake, na mwaka 1911 nchi yao ikawa ya kwanza duniani kwa kakao. Tetteh Quarshie hakuyaona. Alikufa siku ya Noeli ya mwaka 1892.

George Cadbury aliishi hata akaona miaka ya vita kuu kupita. Nyumba yake moja, Woodbrooke, aliitoa mwaka 1903 iwe mahali pa mafundisho ya dini. Katika nyumba yake ya mwisho aliwakaribisha watoto wa mitaa ya maskini kwa maelfu kila mwaka, wacheze katika majani na kula shibe. Alifariki tarehe 24 Oktoba 1922, akiwa na umri wa miaka 83. Kampuni yake imekwisha kupita katika mikono mingine. Ilinunuliwa na kampuni ya Kimarekani mwaka 2010. Bournville ingali chini ya wadhamini.

Kwa yule mzee wetu, na kwa wote wapendao kujaribu, twaeleza namna ya kuipika. Ukiwa na unga wa kakao, weka vijiko viwili vidogo katika kikombe, ukoroge na maji kidogo ya baridi au maziwa mpaka uwe laini bila madonge, kisha mimina maji yanayochemka, au uchemshe pamoja na maziwa kwa dakika chache. Ukipata mbegu zenyewe, zikaange polepole mpaka zinukie, zimenye maganda, zitwange ziwe chenga kama kahawa, uzimiminie maji yaliyochemka, uzifunike kwa muda, kisha uchuje. Namna hii ya pili watu wengi wameirudia siku hizi; huleta kinywaji chepesi cha rangi ya hudhurungi, nacho hutaka sukari kidogo tu.

Lakini walimu na wazee wa sharika, msiishie jikoni. Twawaomba mwaulize Wakristo maswali mawili juu ya kila kinywaji kiwekwacho mezani, kiwe kakao, chai au kahawa. La kwanza: je, ni safi ndani ya kikombe, au tumechanganya na kumdanganya mnunuzi? La pili: je, mikono iliyokichuma ilipata ujira wake? Nabii Yeremia alimwonya mfalme aliyejenga jumba lake kwa kazi ya jirani asiyelipwa. Na onyo hilo halikuwahusu wafalme peke yao. Majira ya kuchuma kahawa yakifika, wako vijana waletwao mashambani mwetu kutoka mbali, wakalala penye baridi, na malipo yao huahirishwa mpaka mnada, na baada ya mnada huahirishwa tena. Wako na watoto wakosao shule kwa majuma. Mwenye shamba huimba kwaya Jumapili, naye si mtu mbaya. Anangoja tu barua moja zaidi.

George Cadbury alingoja miaka minane, na jambo hilo limeandikwa pamoja na mema yake yote. Basi mwenye deni la mchumaji na alilipe juma hili, kabla hajaketi kunywa. Bwana atupe mioyo myepesi ya kutii. Amina.